Kopo la Dawa Kando ya Chumvi

Mimi nikiamua nimeamua, na niliamua kiungulia hakitaninyima nyama. Mwenye buchari ya nyama choma Kitengela akiogopa mbuzi wake mwenyewe, nani atanunua kwake?

Mama anayeuza dawa pale kemisti alinieleza vizuri: kidonge kimoja nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, kwa wiki mbili, na kifua kikiendelea kuchoma niende hospitali. Mimi nilibeba vidonge, maneno nikayaacha kaunta. Nikawa nameza viwili baada ya nyama choma, moto ukishawaka kifuani. Wiki mbili zikawa miezi saba. Kopo likahamia meza ya wateja, kando ya chumvi na kachumbari, na mteja akishika kifua namwekea kidonge kwenye sahani. Wakaanza kuniita daktari. Nikaitika.

Halafu nyama ikaanza kukwama kooni. Nikavaa shati safi, nikaenda kliniki ya mbali, kule Kajiado, ambako hakuna mtu ananijua. Chumba cha daktari kilikuwa na pazia tu, na foleni ilikuwa nyuma yake.

"Miezi saba?" daktari akashangaa. "Nani alikuandikia hii dawa?"

"Daktari mmoja wa Kitengela," nikajibu bila hata kupepesa macho.

"Anaitwa nani?"

Kabla sijatunga jina, mzee Lemayian, mteja wangu wa kila Jumamosi, akachungulia kwa pazia, mkono kooni.

"Ni huyo mwenyewe, daktari! Hata mimi ndiye aliniandikia."