Mkalimani Aliyesema "Mimi"

Simu ilikuwa mezani, kati yangu na daktari, spika imefunguliwa. Mkalimani alipotamka tu "Habari za asubuhi, mama," nikainua macho kuitazama simu. Sauti ile naijua. Ni ya kiongozi wa kwaya yetu, Mkongo wa Bukavu, ambaye kila Jumamosi mazoezini, tunapoimba na kuruka, hunikemea mbele ya wenzangu: "We mdogo wangu, mbona hauruke? Umeshakuwa muzungu?"

Siruki kwa sababu nikiruka najikojolea. Na kila jioni, baada ya kutwa nzima ya kuinua wazee ninaowatunza kazini, nasikia kitu laini kama yai kinashuka ukeni. Hilo sikumwambia mtu, hata mume wangu. Sisi wa Kiswahili hapa Sydney ni wachache. Ukikohoa mtaa wa Liverpool, wa Parramatta wanakuambia pole. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nimezaa watano na uchi wangu bado naulinda.

Safari iliyopita nilijitia kujua Kiingereza, nikakataa mkalimani. Nilichoshika ni upasuaji na kizazi, basi. Nikarudi nyumbani nikijua wanataka kunitoa kizazi, na leo nilitakiwa kutoa jibu.

"Daktari anauliza, mama, ni nini kinakusumbua zaidi?"

"Mwambie sijambo."

Akamwambia. Daktari, mwanamke mwenye subira ya kukera, akaniangalia. Kisha akauliza kama basi tuendelee na mpango wa upasuaji. Nilimchukia. Nilimchukia na yule wa kwenye simu kwa kuwa yeye na si mtu mwingine. Nikinyamaza, nitapasuliwa. Nikisema, Jumamosi nitaimba vipi?

"Nikikohoa mkojo unatoka," nikasema, nikiitazama simu. "Kuna kitu kinashuka. Naogopa. Sitaki kutolewa kizazi. Sisemi nataka mtoto wa sita, lakini ni changu."

Mkalimani akaanza Kiingereza, na Kiingereza hicho nilikielewa chote, maana maneno yalikuwa yangu. Hakusema "yeye anaogopa." Alisema mimi. Mimi mkojo unanitoka. Mimi naogopa. Baadaye niliambiwa wakalimani ndivyo wanavyofanya kazi, lakini siku ile sikujua. Nilisikia mama mzima wa kanisa akijivika aibu yangu neno kwa neno, na "ni changu" akaitamka mara mbili.

Daktari akasogeza kiti. Hakuna aliyeamua kunitoa kizazi, alisema. Kuna mazoezi ya misuli ya chini, pamoja na mtaalamu wake. Kuna pete laini ya silikoni inayoingizwa ukeni kushikilia kilichoshuka. Upasuaji nao si wa aina moja. Mwingine unaacha kizazi mahali pake, na wowote ule, tatizo laweza kurudi. Hakuna haraka. Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Aliponipima alikuta kitenge nilichojifunga tumboni, kimekazwa hasa. Nilijifunga hivyo kila siku kazini, nikiamini kinazuia. Daktari akasema kinabana tumbo na kusukuma kila kitu chini. Sasa, aliyenifunga kitenge hicho baada ya uzazi wangu wa mwisho, akaja nyumbani na kukikaza kwa goti, ni huyo huyo aliyekuwa akitafsiri. Alitafsiri yote. Hakuruka neno.

Nilichagua pete. Ya kwanza ilitoka nilipokohoa. Ya pili ikakaa. Mazoezi yatashughulikia mkojo, polepole, alisema daktari, na kwa sasa nisirukeruke.

Jumamosi nilikwenda kwaya. Kiongozi alinisalimia kama kawaida, hakunitazama zaidi ya wengine. Nilisimama nyuma nikisubiri kusikia minong'ono, au lile swali lake la uzungu. Tukafika kwenye wimbo wa kuruka. Akainua mkono, wote wakanyamaza.

"Leo hatutaruka," akasema. "Tutaimba tumesimama tu."

Wasichana wakalalamika, kwa Kiingereza chao. Kwa nini?

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiyo siwezi."