Mwonja Chai wa Mabwerebwere

Mtaa wote wa Mabwerebwere, pale Kilosa, ulijua kwamba mtu hajazikwa vizuri kama chai ya msiba hakuipika Mama Irine. Si kwamba wanawake wengine hawakujua kuchemsha maji. Walijua. Lakini chai ya msiba inapikwa kwenye sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto, inanywewa na watu waliochoka kulia na wageni waliotoka Kimamba na Msowero na vumbi lao, na ikitoka chapwa anayesemwa ni marehemu. Usinitazame hivyo, ndiyo watu walivyo. Hawasemi mpishi kakosea. Wanasema, "Kumbe mzee wa watu alikuwa na ndugu wabahili namna hii!"

Na uganga wa Mama Irine ulikuwa mmoja tu: kuonja. Akitia tangawizi anaonja, akitia majani anaonja, akitia sukari anaonja, anafumba macho kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili, halafu anasema, "Haya, pakueni." Hakuna aliyewahi kurudisha kikombe.

Basi mtu huyohuyo, jamani, akaenda kuwa Mmormoni.

Jina kamili la kanisa ni refu, na Mama Irine alilijua lote kwa pumzi moja: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mtaani walilikata wakasema "kwa wale wasiokunywa chai". Jirani yake Katarina, aliyekuwa naye jumuiya moja ya Kikatoliki tangu wote wawili wakiwa wasichana, alimuuliza, "Shoga, dini zote hizi zilizojaa Kilosa, ukaona uiendee ile inayokataza chai? Wewe?"

Sababu ilikuwa Beda, marehemu mumewe. Beda alikuwa fundi wa njia ya reli, mtani, mkoromaji, na alipokufa aliacha kitanda kikubwa kupita kiasi. Mama Irine hakuwahi kukipenda kile kipande cha kiapo cha ndoa kinachosema mpaka kifo kitutenganishe. Aliona ni ndoa yenye tarehe ya kuharibika, kama maziwa ya pakiti. Siku moja vijana wawili wenye mashati meupe na beji kifuani walimkuta anapepeta mchele, wakamwambia kwamba hekaluni mume na mke huunganishwa milele, hata kama mmoja ameshatangulia. Akaweka ungo chini.

"Hata kama alikuwa mkorofi?"

"Hata mkorofi, mama."

Akabatizwa. Chai akaiacha siku hiyohiyo, kichwa kikamgonga wiki nzima, na asubuhi akawa anakunywa uji huku anautazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Lakini aliuvumilia, kwa ajili ya Beda.

Kanisani hakuwa Mama Irine tena, alikuwa Dada Odilia. Walikuwa wakisali kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya maghala ya mahindi, nusu yao watu wa Kilosa na nusu wa Mikumi, na wote wanajuana mpaka aina ya kikohozi. Wanaume mashati meupe, wanawake sketi za kupita magoti, mikono imekunjwa kifuani wakati wa sala, na kimya. Kimya hicho ndicho kilichomshinda mwanzoni. Ubatizo wa kwanza aliouhudhuria akiwa muumini, mtoto wa watu alipoibuka majini, Dada Odilia alipiga kigelegele ambacho kilisikika hadi stesheni. Vichwa vyote viligeuka. Dada Hildegarda akamshika kiwiko, akamwambia kwa upole unaouma, "Dada, hapa tunafurahi kwa utulivu."

Huyu Hildegarda alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyewaongoza akina mama wa kanisa. Sketi yake ilikuwa na pindo lililonyooka kuliko reli ya Beda. Akionekana anakuja kutembelea majumbani na mkoba wake, kuna akina dada waliosukuma chupa ya chai uvunguni kwa mguu huku midomo ikisema karibu sana. Kwa Odilia hakukuwa na cha kusukuma. Chupa ilikaa kabatini mchana kweupe, na siku moja Hildegarda aliifungua akanusa.

"Uji," alisema, na ilionekana amesikitika kidogo.

Basi mwaka huu kukatangazwa safari ya basi kwenda hekaluni Nairobi. Odilia alilia kanisani, kwa utulivu. Ila hekaluni haingii mtu bila kibali, na kibali hupatikana kwa kuketi mbele ya rais wa tawi, yaani kiongozi wa kusanyiko lao, na kujibu maswali. Rais mwenyewe alikuwa Rais Cosmas, fundi wa matairi ya malori pale Mikumi, mpole, mwenye shati jeupe na kucha ambazo sabuni ilishazikatia tamaa. Katarina hakuacha kumcheka: "Rais wenu hana hata mlinzi!"

Wiki moja kabla ya mahojiano, Hildegarda alimwita Odilia pembeni.

"Dada, nasikia bado unapika chai za misiba."

"Napika, sinywi."

"Na kuonja?"

Odilia akajifanya anakaza fundo la kitenge. Ukweli ni kwamba tangu abatizwe alikuwa anaonja na kutema, anaonja na kutema, kama mtu anayesukutua. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

"Tuepuke hata kinachofanana na kosa," Hildegarda alisema. "Watu wanatutazama. Usiweke mdomoni kabisa. Niahidi."

Akaahidi. Angefanyaje? Beda alikuwa kwenye mizani.

Mungu naye ana majira yake. Siku mbili baadaye akafariki Mzee Cornel, baba mkwe wa Katarina, mtu aliyekula chumvi nyingi hata watoto wa mtaa walidhani hafi. Kukosa msiba ule halikuwa jambo la kufikiriwa. Pale Mabwerebwere, asiyezika wenzake huja kuzikwa na wapita njia. Tena Katarina ndiye aliyelala mkeka mmoja na Odilia alipofiwa na Beda. Odilia akafunga kitenge, akaenda mekoni, akawasha kuni, na kwa kuwa ameahidi, akateua mwonjaji.

Hapo ndipo alipoharibu. Alimchagua Mzee Gerald, mzee mmoja wa mtaani, kwa sababu alikuwa karibu na alionekana hana kazi.

Mzee Gerald alipewa upawa wa kwanza. Akanywa, akapangusa masharubu. "Bado sukari, binti yangu." Odilia akaongeza. Upawa wa pili. "Inakuja, inakuja, ila bado." Akaongeza. Jamani, wewe ungekuwa Mzee Gerald, umekaa kwenye kivuli, unaletewa chai ya moto kila ukisema bado, ungesema imetosha? Aliendelea kusema bado mpaka mfuko wa sukari uliochangwa na mtaa kwa msiba wote ukabaki wa kukung'uta. Chai ilipopakuliwa, midomo ilinata. Wageni wa Msowero walidhani ni asali imechemshwa. Nzi walikuja kwa wingi kuliko ndugu wa marehemu.

Ikabidi kamati ya msiba ipite tena nyumba kwa nyumba kuchangisha sukari, jambo ambalo halijawahi kutokea. Watu wakasema, mekoni na barazani. Wakasema dini imemharibu Mama Irine. Wakasema kama mpishi hawezi kuonja chakula chake, basi kuna kitu anakijua. Wengine wakacheka tu, na hao ndio waliouma zaidi.

Asubuhi ya maziko Katarina alikuja mekoni mwenyewe. Macho yalikuwa yamevimba. Hakufoka, na Odilia angependa afoke.

"Mama Irine, sijakuomba chochote tangu uhamie huko kwenu. Mzee anatoka saa saba, na watu wanaicheka chai yake. Nisaidie."

Odilia alitazama sufuria. Akamtazama Mzee Gerald, ambaye alikuwa ameshajisogeza na kikombe chake kabisa. "Shikamoo mzee, na kwa heri," akamwambia, akachukua upawa.

Akaonja tangawizi, akatema. Akaonja majani, akatema. Akatia sukari, akakoroga, akachota tena, akafumba macho. Ilikuwa sawa. Ilikuwa sawasawa kabisa, ile ambayo Beda alikuwa anakunywa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Na koo la Mama Irine, bila kumuuliza mwenyewe, likameza.

Hapo angeweza kuacha. Akachota upawa wa pili. Huu haukuwa wa kuonja, tusidanganyane. Aliunywa taratibu hadi mwisho, machozi yakimtoka, na utamu ukashuka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Alipofumbua macho, wanawake wa kanisa walikuwa wanaingia uani na mchango wao wa mchele. Mbele Dada Hildegarda, nyuma yake Dada Vaileth, ambaye akijua jambo asubuhi Mikumi wanalijua kabla ya mchana. Hildegarda alimtazama Odilia, akautazama upawa. Aliweka mchele chini akaenda kumpa mkono Katarina.

Jumapili, katika darasa la akina mama, hapakuwa na somo. Kulikuwa na Odilia. Vaileth alisema hapendi umbea, kisha akaeleza. Mmoja akauliza kama kosa ni kutia mdomoni au kufikisha tumboni. Mwingine akasema chai ya msiba si ya starehe. Wa tatu akasema Shetani naye huanzia mekoni. Odilia alikaa kiti cha mwisho, mikono imekunjwa, akiwasikia wanampima kama kitambaa, na moyoni alijua kitu kimoja: wakimkataa hawa, Beda anabaki upande ule peke yake.

Hildegarda akasimama.

"Mimi nilikuwa mbele ya Dada Vaileth. Nimeona kwa macho yangu. Alitema. Tufungue somo."

Neno la Hildegarda lilikuwa na pindo lililonyooka, hakuna aliyewahi kulikuta limepinda. Somo likafunguliwa. Odilia alimtazama mwanamke yule asiamini masikio yake. Kilichobaki sasa kilikuwa kukaa kimya tu.

Mahojiano yalifanyika baada ya ibada, katika chumba kidogo kilichokuwa stoo. Nje kulikuwa na benchi la wanaosubiri, Odilia wa kwanza, Hildegarda nyuma yake. Odilia akaingia. Rais Cosmas akamkaribisha, wakasali, akaanza maswali. Yalikwenda vizuri. Akafika mahali pa kuuliza kama anajitahidi kuwa mkweli katika kila jambo.

"Najitahidi," akasema Odilia.

Ujanja ulioje, kulitanguliza swali hilo! Maana halikupita muda, likafuata lile la Neno la Hekima, kama anajiepusha na pombe, tumbaku, kahawa na chai. Rais Cosmas aliuliza huku ameshashika kalamu. Habari za kutema alikuwa amezipata, na alionekana ni mtu aliyefurahi kwamba zimekwisha.

Odilia alifikiri juu ya Beda. Alijiona anaunganishwa naye milele kwa uongo wa upawa mmoja, na Beda, mtani yule, anamwambia kila asubuhi ya umilele, "Ila mke wangu, tuseme kweli, ulimeza."

"Rais," akasema, "nilimeza. Na upawa wa pili haukuwa wa kuonja. Niliunywa kwa sababu nilimkumbuka mume wangu."

Rais Cosmas aliweka kalamu chini. Alijikuna kidevu kwa kucha zake nyeusi, akatazama dirisha, akatazama sakafu. "Dada Odilia, ningesaini."

"Najua."

"Sasa siwezi. Siyo leo." Sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli. "Miezi michache tu. Tutakaa tena. Safari nyingine itakuja."

"Haidhuru," akasema Odilia. "Beda alikuwa mtu wa reli. Kusubiri anakuweza."

Alisema hivyo kishujaa, lakini alipotoka hakwenda nyumbani, akaketi benchini. Basi lingeondoka Ijumaa. Wangeimba njia nzima mpaka Nairobi, Vaileth akiwa dirishani. Hildegarda alikuwa amesimama mlangoni zamu yake imefika, akamsoma usoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Nisamehe, dada. Nimekufanya mwongo."

Hildegarda alinyoosha sketi yake ambayo haikuwa na kunyanzi, akaingia, akafunga mlango.

Alikaa sana humo. Dada Vaileth alipita uani mara kadhaa akitafuta kitu ambacho hakukitaja. Odilia alipanga maneno ya kuomba radhi, akayapangua. Mlango ulipofunguliwa, Hildegarda alitoka mikono mitupu, bila kibali, macho mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane blauzi yake ilikuwa imechomoka upande mmoja. Hakuirudisha.

"Sogea," akamwambia.

Odilia akasogea. Wakakaa bega kwa bega kwenye benchi la waliokosa, kiongozi wa akina mama na mwonja chai, watu wote wakiwaona.

"Nimeungama uongo wangu," alisema Hildegarda. Akapenga kamasi, akainama sikioni mwa mwenzake. "Lakini siku ile ulipofumba macho ukanywa, niliitamani chai ile mpaka meno yakauma. Hilo sikulitaja. Rais hakuniuliza."

Odilia akajizuia, akajizuia, ikashindikana. Walicheka wote wawili mpaka benchi likatikisika, na hakuna aliyethubutu kwenda kuwaambia kwamba hapa tunafurahi kwa utulivu, maana aliyezoea kusema hivyo ndiye aliyekuwa anacheka kwa sauti zaidi.