Polixeni Hapokei Wageni

Katika mji wetu wa Volos, hakuna anayealikwa kwenye sikukuu ya jina. Siku ya mtakatifu mwenye jina lako ikifika, unafungua mlango na watu wanaingia wenyewe. Asiyetaka wageni hutangaza gazetini kwamba mwaka huu hapokei.

Tangazo hilo ndilo mama yangu, Aglaia, alilotaka kumtolea dada yake Septemba ile.

Mama mkubwa Polixeni alikuwa mwandishi. Ujanani serikali ilimfunga kisiwani kwa kuwasifu wapiganaji wa kikomunisti wa milimani. Alitoka na mapafu mabovu, akanyimwa ualimu, akaishi kwa kushona mashati. Uzeeni akaandika riwaya kuhusu kisiwa kile: wafungwa wanawake wanamsusia mwenzao aliyetia saini ya kukikana chama ili aachiwe, hadi anajitupa baharini. Tangu hapo mapadri walimwita mkomunisti, na wakomunisti wakamwita msaliti.

"Dada, tutangaze tu," mama alisihi. "Asipokuja mtu utajificha wapi?"

"Nijifiche, kwani nimeiba kuku? Wanisusie huku mlango uko wazi."

Tukaandaa matunda ya cheri yaliyopikwa kwa shira na maji baridi. Asubuhi ikapita. Mchana ukapita. Majirani walipita upande wa pili wa barabara. Mama mkubwa alisinzia kitini, viatu vya kutokea vikimbana miguu.

Jua lilipokaribia kuzama aliingia Evdokia, aliyekuwa kiongozi wa wafungwa wale wa kisiwani. Uso ulikuwa umefura kwa hasira, lakini mazoea ya salamu ya sikukuu yalimtangulia mlangoni.

"Uishi miaka mingi, msaliti wee!"

"Asante. Keti."

"Sikuja kukaa!"

Mama alikuwa ameshamfikishia kijiko cha cheri, na kijiko hicho hakikataliwi. Evdokia akakila amesimama, akanywa maji, akajikuta ameketi.

"Umeniandika nina mdomo mkubwa."

"Unao."

"Na yule msichana hakujitupa. Aliteleza."

"Ulimwona?"

Evdokia aliikunja leso yake, akaikunjua. "Nilikuwa nimempa kisogo. Sote tulimpa kisogo."

"Mimi pia," akasema mama mkubwa. "Hilo limo kitabuni."

"Najua limo. Nimekisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mama wa yule msichana. Hajui kusoma, yule bibi."

Mama mkubwa alifumbua macho kabisa. Magazeti yalikuwa yamemtukana mwaka mzima bila yeye kujibu. Sasa aliuliza upesi.

"Akasemaje?"

"Nilipofika ukurasa wa baharini aliniambia niurudie."

"Ukarudia?"

"Ningefanyaje, Polixeni? Nilirudia."

Mama mkubwa aliinama, akavua viatu. Mama akaenda kuchemsha kahawa, vikombe viwili tu, na Evdokia akasema yake isitiwe sukari, daktari amekataza. Mgeni mwingine hakuja.