Kabati Lililolazwa Chini ya Dirisha

Mama mkwe wangu alipotoka Kambove kuja kukaa kwetu, alishuka kwenye lori na vitu vichache: godoro, masufuria, sanduku la chuma la nguo, kabati la nguo la mbao nyekundu, na kobe aliyefungwa ndani ya kitenge. Kabati lilishushwa na vijana wa mtaani. Kobe alimbeba mwenyewe, amemkumbatia kifuani kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitalini.

Nyumba ya Kambove ilikuwa imeuzwa. Baba mkwe alipofariki, ndugu zake walikaa kikao wakaamua, na mjane hakuulizwa neno. Mume wangu, mwanawe wa kwanza, alikuwa akifanya kazi mgodini, mbali na mji, na nyumbani tulimwona mwisho wa mwezi tu. Ndivyo tulivyojikuta wanawake wawili tusiojuana sana, katika nyumba ya vyumba viwili, komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi.

Niliogopa. Mama yangu alikufa nikiwa bado mdogo, na sikujua mtu anakaaje na mama ndani ya nyumba, sembuse mama wa mumewe. Asubuhi nilimsalimia nimepiga goti kidogo, nikampelekea maji ya kuoga na chai, kisha maneno yakaniishia. Yeye naye alikaa ukingoni mwa godoro lake na kutazama mlango. Tulilofikia kuzungumza kwanza lilikuwa kobe.

Kobe huyo baba mkwe alimwokota relini, enzi alipokuwa akifanya kazi ya kutengeneza njia ya treni, kabla mume wangu hajazaliwa. Kule Kambove kobe alikuwa na ua mzima. Kila asubuhi aliuzunguka akifuata ukuta, akala majani, akalala chini ya rundo la kuni. Kwetu ua ulikuwa wa wapangaji wote: nguo zinaanikwa, mbabula za makaa zinawashwa, pikipiki zinaingia na kutoka. Siku ya kwanza mama mkwe alimweka nje anyooshe miguu. Mpangaji mmoja akapita, akacheka.

"Mama, hii nyama tutaikula na bukari siku gani?"

Mama aliinama, akamwinua kobe, akaingia naye ndani.

"Hatatoka tena," aliniambia. "Mutu anacheka leo. Kesho iko na njaa."

Ikabidi tumtafutie mahali ndani ya nyumba, na nyumba yenyewe haikututosha sisi. Tulianza na beseni kubwa la plastiki nililokuwa nafulia. Kobe hakuweza kugeuka vizuri wala kuona nje, na mchana kutwa alikwaruza ukuta wa beseni, kwaru, kwaru, mpaka nikashindwa kushona. Nikamwomba jirani sanduku la kioo alilokuwa akiuzia mikate ya mafuta zamani. Nililisafisha kwa maji ya moto na nikajiona nimepata. Humo ndimo alimoteseka zaidi. Aliuona mwanga, akaufuata, akagonga kioo kwa pua, akarudi nyuma, akagonga tena. Mama alivumilia kidogo, kisha akavua kitambaa chake cha kichwani akafunika sanduku.

"Kioo inamudanganya," alisema. "Anaona njia, na njia haiko."

Tukamhamishia sakafuni, nyuma ya mlango. Hapo akawa na nafasi, lakini ulikuwa mwezi wa sita, na ninyi mnaojua baridi ya Lubumbashi ya kiangazi mnajua saruji inavyokuwa asubuhi. Kobe aliacha kula. Puani mwake pakatoka povu jembamba. Watu walitushauri tumwekee balbu imtie joto, lakini umeme wa mtaa wetu unakuja unapotaka wenyewe. Mama akaja na mbabula yenye makaa mekundu, akataka kuiweka karibu na kobe na kufunga mlango.

"Hapana, mama," nilisema. "Moshi ya makala inaua bantu. Tutakufa sisi wote humu."

"Kambove tulikuwa tunafanya vile."

"Kambove mulikuwa na madirisha mingi!"

Sauti ilinipanda. Sikuwahi kumpandishia sauti mtu mzima, na huyu alikuwa mama wa mume wangu. Aliitoa mbabula nje, akaingia chumbani, akalala ametazama ukuta. Siku ile hakula bukari, ugali wetu, niliyompikia.

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye cherehani yangu, dirishani. Nashonea watu, na dirisha lile ndilo pekee linalopokea jua la asubuhi, kwa hiyo cherehani ilikaa hapo tangu nilipoolewa. Nilikuwa napinda gauni la mteja nikahisi jua limenikalia juu ya mikono, jua zuri, la moto. Nikaacha kushona. Nilikwenda mlangoni mwa chumba chake.

"Mama, fasi ya jua iko moja tu mu hii nyumba. Ni pale penye mashini yangu. Tuiondoshe."

Alitoka, akatazama dirisha. Kisha akageuka kulitazama kabati lake. Tulikuwa tumelisimamisha karibu na mlango, likaziba nusu ya njia, na tangu aje hakuwa amelifungua hata mara moja.

"Tulalishe kabati," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini tayari alikuwa amelifungua. Alitoa makoti ya marehemu, mashati, kofia yake ya kazi, akakunja kimoja kimoja na kukipapasa mgongo kama anayembembeleza mtoto alale. Aliviweka katika lile sanduku la chuma lililokuwa na nguo zake. Milango ya kabati tuliifungua skrubu kwa kisu cha jikoni. Kisha tukalilaza chali chini ya dirisha, yeye upande wa juu, mimi upande wa chini, tukihema.

Lilifaa. Kuta zake zilikuwa fupi kiasi cha kuingiza jua na ndefu kiasi cha kumzuia kobe asitoke. Mbao haikuwa baridi kama saruji. Kwa urefu, kobe aliweza kutembea hasa. Kuhusu udongo tulibishana tena: yeye alitaka wenye majimaji, mimi nilitaka mkavu kwa sababu ya yale mafua. Safari hii alinisikiliza. Upande mmoja tuliweka mchanga mkavu na sahani ya maji ya kina kifupi, upande wa pili nyasi kavu, na juu ya nyasi nusu ya chungu kilichovunjika, awe na pa kujificha. Cherehani ilihamia pembeni, gizani, na kwa muda mrefu vitambaa vyeusi nilivishona kwa kupapasa.

Jirani alipokuja kuchukua gauni lake alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mama eh! Sanduku ya nani hii? Nani alikufa?"

Mama mkwe alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka nyumbani kwangu, na kicheko chake kilikuwa cha msichana.

Kobe alipona. Povu lilikauka, akarudia kula majani ya lengalenga na maua. Mwisho wa mwezi mume wangu alifika, begi begani, buti zimejaa vumbi jekundu. Alisimama akitazama chini ya dirisha.

"Kabati ya papa," alisema. "Nani alifanya hivi?"

"Ni mi," mama alijibu.

"Ni sisi wote," nikasema.

"Na makoti yake?"

"Iko mu sanduku yangu. Hakuna kitu ilipotea."

Hakuvua buti. Alikaa chini, akaweka mkono juu ya ukingo wa mbao. Tulingoja akasirike. Badala yake alisema kwamba alipokuwa mtoto, radi ikipiga, alikuwa akijificha ndani ya kabati lile, katikati ya makoti yaliyonuka mafuta ya treni, na hakuna mtu aliyejua.

"Papa yako alikuwa anayua," mama alisema. "Alikuwa anafunga mulango pole pole, halafu anajifanya anakutafuta."

Mume wangu aligeuza uso. Mkono wake ulikuwa umebaki ndani, na kobe, akidhani ni chakula, akamng'ata kidole. Tukacheka wote, yeye akifuta macho.

Baada ya hapo asubuhi zetu zilibadilika. Mimi nashona, mama amekaa kwenye kigoda kando ya kabati, anachambua majani: haya ya kobe, haya yetu. Alinihadithia Kambove, ua wake, mume wake alivyopiga mluzi akirudi kazini. Neno "mama" nilikuwa nalitumia kwa heshima tu. Sijui ni asubuhi ipi lilipoanza kuwa na maana nyingine mdomoni mwangu.

Kisha binti yake anayekaa Sakania alijifungua kwa upasuaji, akamwita. Mama aliondoka akisema atarudi mtoto akishaweza kukaa. Mtoto alikaa, akasimama, akatembea. Binti anafanya biashara mpakani na hana mwingine wa kumwachia. Simlaumu mtu. Kobe hakuchukuliwa, mama alimwogopea baridi ya njiani.

Anapiga simu Jumapili akitoka misani. Tunaulizana afya, kisha ananiambia, "Weka telefone mule." Naiweka juu ya mchanga. Kobe anatembea, kucha zinagusa mbao, gamba linakwaruza kona anapogeuka, na mama anasikiliza. Mimi nakaa sakafuni. Kutoka kwake nasikia sufuria, mtoto analia, watu wanapita.

Jumapili iliyopita nilitaka kumuuliza atarudi lini. Sikuweza. Niliinama karibu na simu nikasema, "Mama, mi pia niko hapa."

Treni ya mizigo ilikuwa inapita kwao, ndefu, haiishi. Alingoja mpaka ikaisha.

"Nayua, mwana," alisema. "Nakusikia. Sema."

Nikaanza kusema.