Popo Aliyetoka Amerika Ndani ya Kontena la Mbao

Mwaka wangu wa pili Dubai nilikuwa mlinzi kwenye ghala moja la mbao kule Jebel Ali. Kabla ya hapo nililinda mlango wa jengo la makazi Al Mankhool, na ndiko nilikomfahamu mwalimu mmoja wa baiolojia kutoka Kanada. Tulimwita madam kama tulivyowaita wanawake wote wa jengo lile, ila yeye hakupita mlangoni bila kusimama. Alinisimulia jinsi alivyotumia ujana wake katika misitu ya kwao akihesabu popo. Mimi nilitoka Kitale, ambako popo ni kitu cha kufukuzwa darini kwa ufagio, kwa hiyo nilimsikiliza kwa adabu tu. Nilipohamishwa alinipa namba yake ya simu.

Asubuhi moja tulifungua kontena lililotoka Amerika. Dereva wa foklifti, Mzanzibari wa makamo niliyemwita kaka, naye akiniita dada, alinyanyua bunda la kwanza la mbao, kisha akazima injini na kuteremka polepole. Kwenye ufa baina ya mbao mbili kulikuwa na kitu kama soksi kuukuu ya mtoto. Kikapumua.

Wapakuzi wote walitoka nje. Mmoja wao alikuwa ameona kwenye televisheni kwamba popo wa Amerika hunyonya damu, na habari hiyo ilikuwa imeshaenea kwa lugha nne kabla sijafika mlangoni. Supavaiza wetu, Mhindi asiyejua kungoja, alisema khalas, basi, kipulizwe dawa ya mende kazi iendelee. Daktari wa wanyama alikuwa ameshapigiwa simu, lakini hangefika kabla ya adhuhuri. Nikamwomba supavaiza nusu saa. Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni kwa vile kile kinyama kilikuwa kinatetemeka. Nilimwambia namjua mtu anayeweza kutuambia ni popo gani. Akatazama saa yake, akanipa dakika ishirini.

Nilipompigia, madam alikuwa mapumzikoni shuleni. Jambo la kwanza alilosema ni tusimguse kwa mikono mitupu, kwa sababu popo akiuma anaweza kukuambukiza kichaa cha mbwa. Kuhusu damu, alisema hao wanyonyaji wanaishi kusini ya mbali, si kule mbao zetu zilikotoka. Niliwatangazia wenzangu waliokuwa nje. Hakuna aliyerudi.

Akaanza kuniuliza. Rangi gani? Kahawia, nikasema. Mkubwa kiasi gani? Nikamwambia mwili ni kama kidole changu cha kati, mkia mbali. Akasema basi huenda ni yule popo wa kahawia wa kawaida, anayependa kulala kwenye nyumba za watu, na sauti yake ilinionyesha kwamba hamu ilikuwa imempungua.

Kaka alikuwa amesimama pembeni akimkazia macho yule popo.

"Hiyo si rangi yake, dada," akasema. "Hilo ni vumbi la mbao."

Akavaa glavu zake nene za ngozi, akachukua brashi mpya ya kupakia rangi, akampangusa mgongoni. Chini ya vumbi manyoya yalikuwa meusi kama kahawa isiyotiwa maziwa, na kila unywele una ncha nyeupe, kana kwamba amepita chini ya chekecheo la unga.

Nilipomweleza madam alianza kusema kwa haraka. Kwao wako popo wawili wenye mvi namna hiyo. Mmoja ni mkubwa, koo lake la manjano, na masikio yake yamezungushiwa ukingo mweusi. Mwingine ni mdogo, masikio mafupi ya duara, meusi yote. Nikawasha tochi. Koo lilikuwa jeusi. Masikio yalikuwa mafupi, ya duara, meusi yote.

"Sasa mkia," akasema. "Kuna ngozi inayounganisha miguu na mkia. Manyoya yameifunika yote, au yanaishia wapi?"

Hapo nilisita. Kaka akasema bismillahi, akamfunika popo kichwa kwa kitambaa laini, akaikunjua ile ngozi kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayefungua barua ya mtu mwingine. Popo alilalamika kwa kasauti kembamba. Karibu na mwili ngozi ilikuwa na manyoya. Kuelekea ncha ya mkia ilikuwa tupu.

"Yanaishia nusu," nikasema.

"Basi ni yule wa nywele za fedha."

Akanieleza kwamba popo huyo hujificha chini ya magome ya miti, ndiyo maana hakuona ajabu kulala kwenye mbao. Yeye mwenyewe alimtafuta viangazi viwili vizima, asimwone ila akipita juu angani. Leo mlinzi wake wa zamani anammulika kwa tochi jangwani. Alicheka mpaka kengele ya darasa ikalia.

Wapakuzi waliposikia kwamba chakula chake ni nondo na wadudu wengine, walirudi mmoja mmoja, na wenye simu za kamera wakampiga picha. Zile dakika ishirini zilikuwa zimefika arobaini, lakini supavaiza mwenyewe ndiye aliyeleta boksi la viatu vyake, na kaka akalitoboa matundu. Daktari alipofika aliniuliza nimejuaje aina yake. Nikamwonyesha mkia, naye akaandika kama nilivyosema. Akatuambia popo hawezi kuachiwa huku kwa kuwa si kwao; atatunzwa na wanaojua kufuga wanyama kama hao.

Ijumaa moja baadaye madam alitualika chai nyumbani kwake. Alikuwa amempigia daktari, akaambiwa popo wetu anakula funza na amenenepa. Kisha akaleta kitabu chake cha popo wa Amerika, akawa anafunika majina kwa kisahani na kututahini kwa picha. Yule mwekundu kama kutu tulimpata mara moja baada ya kuelezwa. Palipotokea mwenye masikio marefu karibu nusu ya mwili, kaka alisema huyo ni punda, na nilipomtafsiria madam alilazimika kuweka kikombe chini. Tulikaa mpaka alasiri. Kaka alikosea watatu, mimi watano, na njia nzima ya kurudi alinisomea makosa yangu, sikio kwa sikio.