Siku Nilipomlilia Papa Alphonse

Mnicheke tu, mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka mbavu zikaniuma, maana aibu ile niliipata mchana kweupe, na kikwembe kipya kiunoni.

Mnajua daktari aliniambia nina ule ugonjwa wa kusahau, ule wa wazee (mimi nina miaka arobaini na tisa, meno yote yapo), na tangu hapo natembea na daftari dogo lenye kila kitu: leo siku gani, naenda wapi, kwa nani. Wifi yangu Yolanda yeye alitaka nikae nyumbani na kwaya niwaachie wengine. Kwaya! Miaka ishirini ndiyo mimi ninayeanzisha nyimbo!

Basi Jumamosi hiyo mwimbaji mwenzetu alikuwa amefiwa na baba yake, na mimi ndiye wa kuongoza nyimbo kwenye matanga. Yolanda akasema, "Nikusindikize, ao ubebe daftari." Nikakasirika, nikakataa vyote viwili, nikatoka mikono mitupu kama msichana.

Njiani jina la marehemu likanitoka. Nikajisemea si kitu, matanga hayajifichi. Na kweli, mbele naona turubai, viti, akina mama wanapika kwenye sufuria kubwa, na nyumba ni ya Papa Alphonse, mzee wetu aliyefanya kazi reli. Maskini, kumbe ni yeye! Sasa kwetu mwanamke haingii kwenye kilio kimya, unaanza kulia tangu barabarani, basi nikaweka mikono kichwani, nikapiga yowe, nikaingia nikajitupa chini: "Papa Alphonse eeh! Umetuacha na nani! Nani atatugawia samaki, ndakala wadogo wale, bila choyo!"

Muziki ukazimwa. (Muziki, kwenye kilio? Hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa nimenogewa na kulia.)

Papa Alphonse akatoka ndani, chupa ya Fanta mkononi. "Mama Regina, mimi njo huyu. Niko muzima. Nani alikuambia nimekufa?"

Ilikuwa ndoa ya mjukuu wake. Shangazi wa bibi harusi akanijia juu: "Unatuletea mukosi ku ndoa ya mutoto!" Na nani anaingia getini akihema? Yolanda, alikuwa ananifuata kwa mbali. Akanishika mkono. "Sasa umeona? Tuende kwetu. Kwaya imeisha leo."

Iliniuma, siwafichi. Ningeondoka pale nimeinamisha kichwa, nisingetoka tena nyumbani. Nikajipangusa vumbi nikasema kwa sauti: "Niko na ugonjwa wa kusahau. Nimesahau nyumba, sijasahau nyimbo." Nikaanzisha wimbo wa ndoa, beti zote, na kufika ubeti wa tatu yule shangazi mwenyewe alikuwa anapiga vigelegele. Kisha nikamgeukia wifi: "Haya, nipeleke kwenye kilio cha kweli." Akanipeleka. Niliongoza mpaka jua likazama, na vumbi langu mgongoni.

Bila daftari sitoki tena, naapa. Siku ya pili Papa Alphonse alikuja, akaliomba, akaandika ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa: PAPA ALPHONSE ANGALI HAI. ULIZA KWANZA.

Alipoondoka, nikachukua kalamu nikaongeza chini yake: REGINA PIA.