Boliti Mbili Mfukoni na Mama Mkwe Mikononi

Nilikosea, na sitazunguka. Boliti mbili zilikataa kuingia, nikazitia mfukoni nikanyamaza. Hilo ni langu. Lakini kuna jingine ninalolaumiwa, na hilo nalikataa mchana kweupe!

Mama mkwe alikuja Nairobi kutibiwa magoti, akafikia kwa dada yake Kayole. Pikapu yangu iko juu, na kwetu magharibi mwa Kenya mwanamume hamgusi mama wa mkewe hata mkono. Siku ya kwanza ya kliniki alihangaika mlangoni pa gari, mke wangu akimsukuma kutoka nyuma, mimi nimegeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Niliona aibu! Nikanunua vikanyagio vya pembeni, vile vyuma virefu vya kupandia gari.

Fundi mmoja wa Shauri Moyo alichungulia chini ya gari. "Buda, huku kushoto tundu za boliti zimeliwa na kutu. Lete nitoboe upya, ni kazi ya saa moja tu."

"Zii, nitafunga mwenyewe kwangu Jericho." Kiburi tu! Nilikuwa nimetazama video mara tatu.

Upande wa kulia ulikubali. Niliupanda, nikaurukia, majirani wakapiga makofi. Wa kushoto, upande wa abiria, ulishikwa na boliti mbili badala ya nne. Huo niliusukuma kwa kiganja tu, ukatulia. Nikaupaka rangi nyeusi!

Jumamosi asubuhi tukaenda kumchukua. Mke wangu akarudi ndani kutafuta kadi ya kliniki, na mama hakumngoja. Alikanyaga. Chuma kikainama, kikaachia, mama akaja kinyumenyume. Jamani, ningefanya nini? Nilimdaka! Kwa mikono yote miwili, mbele ya wapangaji wa ploti nzima, tukaanguka wote, mimi chini. Mguu wake ukateguka.

Kliniki hakufika tena, akarudi nyumbani na magoti yake yaleyale. Hilo linaniuma hadi leo. Mke wangu ananijibu neno mojamoja. Shemeji zangu nao wamekaa kikao: nipeleke kondoo wa faini kwa kumgusa mama yao.

Kondoo wa boliti nitapeleka, hata wawili. Wa kumdaka, sipeleki! Ningemwacha apasue kichwa kwenye saruji ndipo mniite mkwe mwenye adabu?

Juzi mama alipiga simu. Mke wangu akaniletea maneno yake bila kunitazama: "Mwambie baba watoto mguu unapona. Akishamaliza kukaza hizo boliti, aseme nije."

Wewe unayefunga vikanyagio nyumbani, boliti ikibaki mkononi, kazi haijaisha. Rukia pande zote mbili wewe mwenyewe, kabla hujampandisha mzazi wa mtu. Mimi nilirudi kwa yule fundi, akanicheka vizuri, akatoboa. Sasa ziko nane, zote zimekazwa. Na mama akiteleza tena, nitamdaka tena.